Presha ya mafuta haitibiwi kwenye kompyuta

Wiki iliyopita nilishuhudia, katika gereji moja hapa Dar es Salaam, fundi wa kompyuta akifunga laptopu yake na kumwambia mwenye Subaru Forester ya tabo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: "Bosi, nimeshaikata mafuta, sasa iko safi," yaani amepunguza kwenye kompyuta kiasi cha mafuta ambacho injini inapewa. Bosi alilipa, akashukuru, akaondoka. Gari lilikuwa limeletwa kwa sababu ya moshi mweusi na harufu ya petroli, na ni kweli kwamba lilipoondoka moshi haukuonekana tena. Katika muda wote huo, hata hivyo, hakuna mtu aliyefunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, na nilipouliza sababu nilijibiwa kwamba geji ni mambo ya kizamani, kwa kuwa siku hizi kila kitu kinaonekana kwenye skrini.

Haki ya Mungu, skrini gani hiyo? Kompyuta ya injini kama ya Forester hiyo haina sensa inayosoma presha ya mafuta kwenye reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zinazoyapulizia kwenye injini. Inachukulia tu kwamba presha ni ile iliyowekwa na kiwanda, kisha inakokotoa muda wa kufungua nozeli kwa kutegemea dhana hiyo. Ikiwa presha imepanda, kompyuta haijui. Inachokiona ni sensa ya oksijeni ikilalamika kwamba mafuta yamezidi, nayo inapunguza hadi inapofika kikomo chake na kuandika P0172, msimbo wa hitilafu unaosema mafuta yamezidi. Kuanzia hapo ndipo msururu wa kubadilisha vifaa unapoanza: leo sensa ya oksijeni, kesho plagi, keshokutwa nozeli zote nne, na vyote vilivyotolewa vilikuwa vizima.

Tuseme wazi jinsi mambo yanavyopaswa kuwa. Katika injini ya aina hii, regyuleta, kifaa kinachotawala presha kwa kuruhusu mafuta ya ziada yarudi tangini, hushikilia psi 43 hivi (psi ni kipimo cha presha) pale mpira wa vakyumu unaoiunganisha na manifoldi, yaani njia ya hewa ya kuingia kwenye injini, unapochomolewa, na gari likiwa kwenye sailensi, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, huku mpira huo umechomekwa, presha hushuka hadi karibu psi 34, kwa sababu mvuto wa manifoldi huisaidia regyuleta kufunguka zaidi. Tabo inaposukuma hewa, presha hupanda sambamba nayo, psi moja kwa psi moja, ili tofauti kati ya nyuma na mbele ya nozeli ibaki ileile 43. Mpangilio huo unategemea sharti moja, kwamba mafuta yasiyotumika yapate njia ya kurudi kwenye tangi bila kizuizi.

Sasa anakuja mtu na pampu ya lita 255 kwa saa, kwa sababu rafiki yake anayo, na waya wa pampu anauunganisha moja kwa moja kwenye betri kupitia relei, akiikwepa moduli ambayo kiwanda kiliiweka ili kupunguza kasi ya pampu wakati injini haihitaji mafuta mengi. Injini ya lita 2 kwenye sailensi hutumia takriban lita moja kwa saa. Kwa hiyo lita mia mbili hamsini na kitu kila saa hazina pa kwenda isipokuwa kurudi tangini kupitia bomba la kiwandani la milimita 6, ambalo halikukusudiwa kubeba mzigo huo. Regyuleta hufunguka hadi mwisho, na kuanzia hapo inakuwa tundu tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuizungusha skrubu ya regyuleta mpya ya kurekebishika hadi achoke, na mshale wa geji usiteremke.

Dalili ya hali hiyo huonekana kwa urahisi wa kuudhi. Funga geji, washa gari, soma, kisha chomoa mpira wa vakyumu usome tena. Regyuleta inayotawala presha itapandisha mshale kwa psi 9 hivi papo hapo. Ukisoma 52 mpira ukiwa umechomekwa, na 53 ukiwa umechomolewa, basi regyuleta haitawali chochote, na tatizo ni njia ya kurudi. Ukikuta petroli ndani ya mpira wenyewe, kiwambo cha regyuleta kimechanika. Na ukikuta 43 isiyobadilika, angalia kwanza kama mpira huo umechomekwa mahali penye mvuto wa kweli, kwa maana nimeona uliochomekwa kabla ya kipepeo cha hewa, yaani mlango unaofunguka unapokanyaga mafuta, ambako mvuto haupo, na mwingine ambao haukuchomekwa popote.

Nirudi kwa yule fundi na laptopu yake, kwani hasira yangu iko hapo. Kwenye sailensi yenye psi 52, huku manifoldi ikivuta kwa psi 9, tofauti halisi kwenye nozeli ni 61 badala ya 43. Mafuta yanayopita kwenye nozeli huongezeka kulingana na kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani nozeli inamwaga takriban asilimia 19 zaidi kwa muda uleule wa kufunguka. Fundi anaona ziada hiyo, anakata ramani nzima ya mafuta, yaani jedwali ambalo kompyuta hulifuata kupima mafuta, kwa asilimia 16 hivi, na sensa inatulia. Yeye anaamini kwamba ameponya gari, ilhali ametegua mtego upande mmoja na kuutega upande wa pili.

Kwa sababu ziada hiyo si ya kudumu. Mwenye gari anapokanyaga mafuta hadi mwisho, injini ya nguvu za farasi 300 hivi hula zaidi ya lita 100 kwa saa, mafuta yanayorudi yanapungua kwa kiasi hicho, bomba jembamba linatosha, na regyuleta inarudi kazini na kushikilia presha sahihi kabisa. Hapo hakuna tena asilimia 19 ya ziada, lakini makato ya asilimia 16 bado yapo. Mchanganyiko uliopaswa kuwa sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta unakuwa 13.7 kwa moja, tabo ikiwa imesukuma hadi mwisho, katikati ya barabara ya Morogoro, usiku, kijana akitaka kumwonesha mwenzake gari linavyokwenda. Injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Ringi zinavunjika, kingo za pistoni zinameguka, na wiki inayofuata tutasikia kwamba injini za Subaru ni mbovu.

Tena, hata asipoigusa ramani mtu yeyote, baadhi ya kompyuta huhifadhi masahihisho ziliyojifunza kwenye mwendo mdogo na kuyatumia pia kwenye mzigo mkubwa, kwa hiyo kuliacha tatizo "kwa vile gari linatembea" nako si salama. Na gari lisilokatwa mafuta lina adhabu yake: vuta kijiti cha oili, na ukikuta kiwango kimepanda na oili inanuka petroli, ujue petroli inaosha oili kwenye silinda kila unapokaa kwenye foleni.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo mafundi wanaopandisha presha kwa makusudi, kwa mfano kutoka psi 43 hadi 58, ili wapate mafuta zaidi kwenye nozeli zilezile, kisha wakaandika ramani kulingana na presha hiyo. Kazi hiyo ni halali, kwa kuwa presha hiyo wameichagua, wameipima, na inabaki na tofauti ileile kwenye sailensi na kwenye mzigo. Geji za bei ya chini nazo hudanganya, hasa zikipata joto, kwa hiyo hakikisha mshale unarudi kwenye sifuri kabla ya kuuamini.

Kujua kizuizi kiko wapi hakuhitaji utaalamu wa ajabu. Toa fyuzi ya pampu, acha injini izimike yenyewe ili presha iishe, injini ikipoa chomoa bomba la kurudishia baada ya regyuleta, na uunge mpira wa petroli unaoishia kwenye dumu la chuma lililowekwa mbali na injini, kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu na si dukani. Rudisha fyuzi, washa. Presha ikishuka hadi 34, kizuizi kiko kati ya hapo na tangi. Isiposhuka, tundu la regyuleta yenyewe ni dogo kwa pampu hiyo.

Na ukishafika kwenye tangi, kumbuka kwamba tangi la Subaru la magurudumu manne limegawanyika pande mbili kwa sababu ya shafti inayopita chini yake, na mafuta yanayorudi hupitishwa kwenye kijitundu ambacho kasi yake ndiyo inayonyonya petroli kutoka upande wa pili. Wapo wanaobadilisha mabomba yote kuwa mapana na kukisahau kijitundu hicho. Wapo pia wanaoking'oa, kisha wanashangaa gari linapozimika huku nusu moja ya tangi ikiwa bado na mafuta. Dawa inayovumilika ni kurudisha moduli ya pampu ikiwa inaihimili pampu mpya, au kufunga pampu inayolingana na nguvu ya injini, kabla ya kufikiria kupasua tangi.

Njia ya kurudi ikishafunguka na geji ikasoma 34 na 43 kama inavyotakiwa, gari lisitembezwe kabla ramani iliyokatwa haijarudishwa ilivyokuwa, kwa sababu makato yale sasa yanaibana injini mafuta hata kwenye sailensi. Mwambie fundi huyohuyo aiandike upya mbele yako, geji ikiwa bado imefungwa.