Nusu Saba

Mimi ni dereva wa gari la kukodi hapa Dodoma, na kwa muda mrefu nilijisifu kijiweni kwamba hakuna mgeni awezaye kunitajia saa kwa Kiingereza nikababaika, kwa kuwa ile hesabu ya kutoa sita naifanya hata nikiwa ninasinzia. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Uingereza, aliyetaka nimpeleke Kolo, wilayani Kondoa, akaone michoro ya miambani iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jioni alinipigia simu, akaniambia nimfuate "half seven".

Shuleni nilifundishwa "half past seven", ambapo "past" ndiyo "na" yetu ya saa moja na nusu, na "to" ndiyo kasoro. Mzee hakutamka hata moja kati ya hizo mbili. Nilitafakari, nikaamua kwamba kama nusu haijapita, basi inangojewa, yaani ni saa moja kasoro nusu saa. Nikawa langoni saa kumi na mbili na nusu, nikitetemeshwa na upepo wa Julai, nikapiga hodi mpaka mzee akatoka na taulo, povu la sabuni masikioni. Kumbe Waingereza huidondosha "past" kwa mazoea, na saa hubaki 7:30. Baadaye niliambiwa kwamba Wajerumani husema nusu saba wakimaanisha 6:30, kwa hiyo sikukosea. Nilikuwa sahihi kwa Kijerumani.

Kolo tulifika, na mzee, kwa uungwana wake, akaona kwamba kwa safari ya kesho yake, ya kwenda kutazama mizabibu ya Hombolo, afadhali anitajie saa kwa Kiswahili. Alifungua kijitabu chake, akasoma taratibu: "Saa saba na nusu." Nilimpongeza kwa matamshi. Kesho yake nililala hadi jua likawa kali, nikaosha gari, nikala ugali kwa mlenda, nikawasili saa saba na nusu mchana bila kuchelewa hata dakika, nikamkuta ameketi juu ya begi chini ya mwarobaini, kofia kichwani, tangu saa moja na nusu asubuhi. (Simu yangu ilikuwa imezimika, jambo ambalo sikulisisitiza.)

Siku ya tatu, alipokuwa na treni ya kwenda Dar es Salaam, sikungoja kutajiwa saa kwa lugha yoyote. Nililala ndani ya gari nje ya lango. Mlinzi aliponiuliza mgeni wangu anaondoka saa ngapi, nilimjibu, "Akitoka, kaka, ndiyo saa yenyewe."