Sikumzima mama mkwe wangu: ukweli kuhusu kizimamoto cha gari langu

Ninyi mliosikiliza ile sauti aliyoisambaza rafiki yangu kwenye WhatsApp, na ambao tangu alfajiri mnanitumia pole zilizojaa vicheko, naomba sasa mnisikilize na mimi. Sikumpulizia mama mkwe wangu dawa ya mbu. Sikujaribu kumnyamazisha. Wala gari halikuwaka moto, jambo ambalo, kusema kweli, lingenisaidia sana, kwa sababu mtu anayekumwagia unga wa kizimamoto mbele ya miali huitwa mwokozi wako, na sisi tulikuwa na unga peke yake.

Safari yenyewe mnaijua: posa ya shemeji yangu, Likasi, mama mkwe akiwa mkuu wa msafara na huyo rafiki yangu mropokaji akiwa mshenga. Kutoka kwetu Lubumbashi, huku Kongo, ni kilomita 120 hivi, na katika barabara ile askari akikusimamisha huanza na hati za gari, na akikosa la kukushika kwenye hati huteremka polepole hadi kwenye pembetatu, sanduku la dawa na kizimamoto. Ndiyo maana wengi wetu hununua kizimamoto kwa ajili ya askari na si kwa ajili ya moto. Chochote chekundu kinatosha. Mimi niliona kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kuwa hivyo. Nilisoma. Nilisoma hadi mke wangu akaniuliza kama nimeajiriwa na kikosi cha zimamoto.

Nilipofika dukani, kijana aliyekuwa akiuza alinionyesha kwanza kopo dogo la kupuliza, lenye umbo lilelile la dawa ya mbu (mwaona uongo wa rafiki yangu ulikotoka), nami nikalirudisha bila hata kulitikisa. Kizimamoto cha maji nilikikataa kabla hajamaliza kukitaja, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji, na ukiimwagia maji huisambaza pamoja na moto wake. Kisha akaleta cha gesi ya kaboni dioksidi, kizito, chenye pembe nyeusi mdomoni. Hapo nilijikohoza, kwa sababu wateja wengine walikuwa wamesogea, nikawaeleza wote kwamba gesi hiyo hukaa ndani kwa shinikizo la bar 57 hivi katika joto la nyuzi 20, kwamba kwa sababu hiyo mtungi wake ni wa chuma kinene na tena hauna kipimo cha mshale, hivyo ili kujua kama umejaa ni lazima uupime kwa mizani, na kwamba mahali pa wazi upepo huipeperusha gesi kabla haijafanya kazi yake. Sifa yake kubwa, nikawaambia, ni kwamba inafaa kwa mambo ya umeme na haiachi uchafu wowote. Maneno hayo ya mwisho niliyatamka kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi, kisha nikayapita.

Ukabaki unga, ambao hutajwa kwa herufi za aina za moto unaouzima. Wa BC huzima vimiminika na gesi. Wa ABC huzima hivyo na pia vitu vinavyoacha makaa, kama vile viti, mazulia na matairi. Gari lina vyote hivyo, kwa hiyo nikachagua ABC, ambao kwa sehemu kubwa ni fosfeti ya amoniamu, kitu kilekile kinachotiwa pia katika mbolea za shambani. Kijana akanipa cha kilo 1. Nikamwambia kwamba kile humaliza unga wake katika sekunde kumi hivi, pengine chini ya hapo, na kwamba sekunde kumi si chochote. Leo nina maoni tofauti kabisa kuhusu urefu wa sekunde kumi, lakini siku ile nilichukua cha kilo 2. Nikakagua mshale kama umesimama kwenye kijani, nikasoma mwaka wa kutengenezwa uliogongwa kwenye mtungi, nikaangalia kama pini ya usalama ipo na kama kile kiuzi cha plastiki kinachoishika hakijakatika, kisha nikakipindua na kukitikisa nisikie kama unga bado unatembea ndani, kwa maana mitikisiko ya barabara zetu huushindilia chini.

"Patroni," kijana akasema, "chukua na chuma chake cha kukifungia garini."

Nikamjibu kwamba nimekuja kununua usalama, si mapambo.

Sasa, mahali pa kukiweka. Kizimamoto kilichofukiwa kwenye buti chini ya gunia la mchele, kreti za bia na vitenge vya posa ni sawa na kizimamoto kilichobaki dukani. Kinatakiwa mahali ambapo dereva anakifikia kwa mkono. Nilikisimamisha basi sakafuni mbele, upande wa abiria, kimeegemea kiti. Kilipendeza sana. Ila wote mnajua kiti cha mbele ni cha nani siku ya posa.

"Mkwe wangu," mama akaniuliza mara tu alipoketi, "chupa hii nyekundu inafanya nini miguuni mwangu?"

"Mama, huo ndio usalama wetu. Ikitokea moto..."

"Moto utokee wapi, baba? Umenipakia kwenye gari linalowaka?"

Nyuma wakacheka. Mama akaubana mtungi katikati ya miguu yake ili usianguke, akaweka mkoba wake juu ya mapaja, tukaondoka. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, baridi ile ya Julai mnayoijua, na mtaa wetu wa Katuba ulikuwa umejaa vumbi, kwa hiyo vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Vyote vinne. Nawaomba mkumbuke vioo.

Hatujafika hata lami, mama mdogo wa mke wangu akaomba kitambaa kutoka kiti cha nyuma. Mama mkwe akauvuta mkoba aufungue. Haukuja, kwa sababu mkanda wake ulikuwa umeteleza chini na kujinasa kwenye pete ya pini. Akauvuta tena, safari hii kwa nguvu za mwanamke aliyelea watoto wake wote akiuza samaki sokoni, nami nikasikia mlio mdogo sana, tik, wa kiuzi cha plastiki kikikatika. Mkoba ukapanda. Pini ikapanda nayo, ikining'inia kwenye mkanda, ikimetameta.

Niliiona. Nataka mlielewe hili: katika gari lile watu walikuwa watano na mmoja tu ndiye aliyejua kile kilichokuwa kikining'inia. Nilijua pia kwamba kisigino cha kiatu chake cha posa kilikuwa juu ya mkono wa kubonyezea, umbali wa kidole. Jambo la kusema lilikuwa fupi: usisogeze mguu. Lakini ninyi mliooa niambieni, ni mkwe gani anayemwamuru mama wa mke wake, tena kuhusu mguu wake? Nikaanza kama nilivyolelewa: "Mama, samahani sana, kama hutajali, ningeomba kwa heshima zote..."

Kwenye neno "heshima" gurudumu la mbele likapanda tuta la udongo ambalo wakazi wamejijengea wenyewe. Sote tukarushwa juu. Mama alipotua, alitua na kisigino.

Mdomo wa mtungi ulikuwa umeelekea kwenye dashibodi. Unga ulitoka kwa mfoko, ukagonga kioo cha mbele, ukarudi. Kwanza ulipotea usukani, kisha mikono yangu, kisha mama. Nilikanyaga breki nisijue mbele yangu kuna nini. Mtu aliyeshtuka hukaza miguu, na mama alikuwa ameshtuka sana, kwa hiyo hakuachia, mtungi uliendelea kuvuma, nami kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikampigia kelele mama mkwe: "Inua mguu! Mama, inua mguu!" Kutoka nyuma mshenga wetu, mtu tuliyemchagua kwa hekima yake, alikuwa akilia kwamba tumelipuliwa.

Kelele zikaisha. Ndani ya wingu lile sauti moja tu ikasikika, tulivu kabisa.

"Mkwe wangu. Umemaliza?"

Milango ikafunguliwa, tukatoka tukikohoa. Mama mkwe alisimama barabarani kama mtu aliyelala ndani ya mashine ya kusagia mahindi, kitenge chake kipya hakina tena rangi, wigi imekuwa ya bibi wa miaka mia. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Jirani mmoja mwema akaja mbio na ndoo ya maji alimwagie gari, nami nikajitupa mbele yake, kwa sababu unga huo ukilowa hunata na kula chuma, inabidi kwanza uondolewe ukiwa mkavu. Ndiyo, nilikuwa nikimweleza habari za fosfeti huku mama akitema mate pembeni. Ndipo rafiki yangu alipoanza kurekodi. Sauti mnayoisikia ikisema "si sumu, inawasha tu koo" ni yangu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama alirudishwa nyumbani, akaoga, akabadili nguo, gari likaazimwa, Likasi tulifika saa nane badala ya saa nne, na posa ikapokelewa. Mke wangu huzungumza nami kupitia watoto. Nikiwasha feni, unga bado unatoka kwenye matundu. Rafiki yangu anashauri niendelee kutumia nusu iliyobaki mtungini, lakini kizimamoto cha unga kikishabonyezwa, hata kidogo, unga hukwama kwenye vali na shinikizo huvuja lote, hivyo lazima kijazwe upya. Nilipokirudisha dukani, kijana alikitazama, akanitazama kichwani, kisha akaweka kile chuma juu ya meza bila kusema neno.

Mama mkwe alirudi kutoka Likasi kwa basi. Wanaosimulia wanasema kwamba mlangoni alimwuliza dereva kama ana kizimamoto, na dereva, kwa aibu, akakiri kwamba hana. Mama akalipa nauli, akapanda.