Bloku za baiti 1024: tukatae au tuhesabu upya?

Kwenye ateliye yetu hapa Katuba, Lubumbashi, tuna programu ndogo tuliyoiandika wenyewe ya kukusanya vipande vya faili kwenye diski kuukuu zenye ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Juzi tuliipa diski ya mteja. Ikamaliza kazi bila kulalamika, lakini picha zake zikafunguka robo tu: juu anga na paa la kanisa, chini kijivu tupu. Afadhali tulikuwa tumenakili diski nzima kwanza.

Ile robo ndiyo iliyotuonyesha kosa. Programu inagawanya ukubwa wa faili kwa 4096 ipate idadi ya bloku, yaani vipande vya ukubwa sawa ambavyo diski hugawiwa, kumbe sehemu ile ya diski ina bloku za baiti 1024. Faili ya baiti 12,288 ina bloku 12. Programu ikahesabu 3, ikahamisha baiti 3,072, kisha ikaachilia nafasi yote ya zamani. Na bloku za namna hiyo si ajabu: mke2fs, programu inayoandaa sehemu za diski kwa ext4, kwa miaka mingi ilizichagua yenyewe kwa sehemu iliyo chini ya MB 512, isipoambiwa vingine. Kompyuta moja inaweza kuwa na 1024 kwenye /boot, sehemu ndogo ya kuwashia, na 4096 kwingine kote.

Kijana wetu anataka programu iangalie ukubwa wa bloku mwanzoni, na usipokuwa 4096 isimame iseme kwa nini. Ni mistari mitatu. Hoja yake ina uzito. Windows 2000 ilikataa kupanga upya diski za NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) zenye klasta, yaani bloku zake, zinazozidi KB 4, na kizuizi hicho kiliondoka na Windows XP mwaka 2001. Kerneli, kiini cha Linux, nayo imekuwa ikikataa kazi hii kwenye ext4 yenye bigalloc, namna ya kugawa nafasi kwa mafungu ya bloku. Mtu aliyekataliwa anarudi nyumbani na picha zake zote.

Mwenzangu anasema ukubwa halisi umeandikwa kwenye diski yenyewe: superbloku, sehemu inayoeleza mpangilio wa diski, ina namba ya kipeo (mara ngapi 1024 inazidishwa kwa 2), 0 ikimaanisha 1024, 2 ikimaanisha 4096. Kwa nini tukisie kitu kinachosomeka? Tena, anauliza, tunamkatalia nani? Wateja wetu wana diski za kuzunguka, si SSD. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja, na kila kipande kilicho mbali kinaisubirisha tena. Wenye diski za zamani ndio hasa wanaohitaji kazi hii.

Moyo wangu uko upande wake. Lakini nilipokaa jioni nzima na kodi, yaani maandishi ya programu, 4096 niliikuta imejificha sehemu nyingine ambako haijaandikwa kama namba. Kuna mahali tunasogeza biti 12, ambayo ni njia ya kuzidisha au kugawanya kwa 4096, na kwa 1024 zinatakiwa 10. Alama ya "tumefika wapi", inayotusaidia umeme ukikatika katikati ya kazi, imehifadhiwa kwa hesabu ya bloku, kwa hiyo alama ya zamani ikisomwa na kodi mpya inaelekeza pasipo. Na mahali pengine namba ya bloku inazidishwa kwa ukubwa wake ndani ya biti 32: ikipita 4,294,967,295 inaanza tena sifuri, kimyakimya. Kiraka cha mstari mmoja kingerudisha picha za mteja huyu na kupoteza za mwingine.

Ndiyo maana nimeliweka katazo la kijana leo hii, na kazi ya mwenzangu inaendelea pembeni. Tumetengeneza diski ya bandia ya MB 100 kwa mkfs.ext4 -b 1024, tukaijaza faili za baiti 1, 1,023, 1,024 na 1,025, na tunalinganisha sha256sum, alama ya kutambua kama faili imebadilika, kabla na baada. Tatu za kwanza zinarudi salama. Ile ya 1,025 bado inarudi na 1,024, kwa sababu kuna mahali, faili ikizidi bloku moja, tunagawanya na kutupa baki. Mpaka irudi nzima, silitoi katazo.