Mikono Miwili ya Kushoto

Juzi nimekata gauni la mteja likatoka na mikono miwili ya kushoto. Kwa asiyejua ushonaji: mkono wa kulia na wa kushoto haifanani, na satini ina uso na mgongo, kwa hiyo ukikosea huwezi kuugeuza ukasema yameisha. Nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na moja. Lile ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili. Ila wakati napiga chaki, mkubwa alikuwa anatangaza mpira kama yuko redioni, wa kati anataka nimwamulie kesi ya kalamu ya rangi, na kitinda mimba yuko chini ya meza ya kukatia, eti yeye ni bodaboda. Nikapiga kelele "Nyamazeni!" huku mkasi unatembea. Wakanyamaza, kama sekunde nne hivi. Mita moja ya satini nimeilipia kwa hela yangu.

Hii ni wiki ya tatu ya likizo ya mwezi wa sita, na nasema wazi jambo ambalo wanawake tunaogopa kulitamka: wanangu nawapenda, kelele zao zimenichosha. Ukisema hivyo mbele za watu, jibu lipo tayari limeshaiva. "Mshukuru Mungu, wenzio wanazitafuta." Mama mkwe wangu ananiambia kwa upole kabisa, na najua hasemi uongo, kwenye ukoo wetu yupo aliyehangaika hospitali na kwa waganga miaka na miaka kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Lakini mwenye homa humwambii ashukuru kwa kuwa wa kitanda cha pili hali yake mbaya zaidi. "Nimekusikia mama," namjibu, narudi kwenye cherehani.

Ninachokitaka wala si kikubwa. Sijaomba hoteli ya ufukweni. Nataka chai niinywe ikiwa bado ya moto. Nataka nianze kuwaza jambo, nilimalize.

Siku hizi nyanya zikiisha situmi mtoto, naenda mwenyewe. Mama wa genge ameshanielewa. Akiniona tu anapindua ndoo tupu, nakaa. Yeye anafunga mafungu ya mchicha, mimi naangalia bajaji zinavyopishana. Hatusemeshani. Kuna siku nilikaa weee, mpaka akaniuliza, "Leo hata nyanya hutaki, dada?" Nikamwambia nifungie za elfu moja. Na pale si mahali pa kimya hata kidogo: ni barabarani Tabata, honi, spika ya muuza dawa za mende inarudia maneno yale yale toka asubuhi, makondakta wanagombania abiria. Nimejiuliza kwa nini kelele zile zinanipumzisha na za nyumbani zinanimaliza. Nadhani ni kwa sababu kelele zote za barabarani hakuna hata moja inayoniita mimi. Hakuna anayesema "Mama". Nyumbani neno hilo nalisikia hata wakati hakuna aliyelisema.

Wanaume hilo walishalitatua zamani, wakalipa na jina: kijiwe. Baba watoto akisema "natoka mara moja", anarudi saa nne usiku, amecheza bao, amekunywa kahawa, amelisema na bunge, na hakuna aliyemtafuta. Mimi nikikaa peke yangu kizingitini robo saa, jirani anauliza, "Shoga, unaumwa?" Simsemi mume wangu kwa ubaya, ni mtu mwema, watoto anawaogesha, na mandazi anakanda vizuri kunishinda. Ila hakuzoeshwa kuona kelele za mtoto kuwa kazi yake. Hata sheria imemwanzisha hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa zisizopungua 3. Siku tatu hata kitovu hakijadondoka! Na hapo ni kwa walioajiriwa. Sisi wa cherehani ya sebuleni hatuna wa kumwandikia barua ya likizo. Nilipojifungua huyu wa mwisho, mteja wa sare za shule alinifuata na tepu yake mwenyewe.

Lakini nisiwaonee watoto. Nimewatazama vizuri mwezi huu, nikaona wao hawana kosa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu au minne anatakiwa awe anajongea dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kuhema kwelikweli. Na kwenye skrini asizidishe saa moja. Niliposoma niliinua macho nikaitazama sebule yangu. Mita tatu kwa nne, ndani yake kuna makochi mawili, kabati la vyombo, cherehani na meza ya kukatia. Sasa hizo dakika 180 azikimbilie wapi? Juu ya kochi, bila shaka. Na ndiko anakokimbilia. Ile saa moja ya katuni mimi naitumia kukatia nguo zenye mikono.

Nje hakuna nafuu. Tulipohamia hapa mbele palikuwa na kiwanja, si kikubwa, ila chandimu ilichezeka na wasichana walipata kona yao ya rede. Baba mwenye nyumba akajenga fremu nne za maduka. Simlaumu, kodi ni kodi. Ikabaki korido ya kuanikia nguo, na mpira ukigonga shuka la mpangaji mwenzangu, kesi inakuja kwangu. Ng'ambo ya barabara kuna uwanja, lakini kuivuka ile barabara na mtoto wa miaka mitatu ni safari ya kuaga.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unampa mtoto haki ya kucheza. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika, na mimi ni mtu. Kwenye mita tatu kwa nne, ibara hizi mbili zinakwidana makoo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watoto wa sasa wamezidi utundu, wala wanaosema sisi mama wa sasa hatuna moyo. Mama yangu alitulea saba kule Muheza, na simkumbuki akiomba tunyamaze. Si kwamba tulikuwa wapole. Kombolela tu ilikuwa inaanzia uani kwetu inaishia kwa mzee wa nyumba ya nne. Kelele zetu zilikwenda michungwani huko, yeye akabaki na ukili wake barazani. Akituhitaji ndipo alipoinua sauti, mara moja tu, tukaja.

Jumamosi mdogo wangu amewachukua wote watatu, anawapeleka Muheza kwa mama. Nimewasindikiza mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mifuko yao, na mihogo ya kukaanga ya njiani. Basi lilipotoka nilipunga mkono mpaka likaishia getini. Najua hapa mnasubiri niseme nilirudi nyumbani nikaikuta kimya, nikashika kiatu kidogo, nikalia. Hapana. Nilifunga mlango nikalala saa tisa mchana, nikaamka usiku nikadhani ni asubuhi. Chai nimeinywa ya moto. Gauni la harusi ambalo lilikuwa linanitazama wiki mbili nimelimaliza kwa siku moja na nusu, mkono wa kulia ukiwa wa kulia.

Jana jioni nimempigia mama kumpa pole. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: mama vumilia, nitawafuata wiki ijayo, usiwaache na viberiti. Nyuma yake nasikia kuku, na kwa mbali sana mtoto anacheka.

"Pole ya nini?" akaniuliza. "Watoto hawa mbona hawana kelele?"

Nikamwuliza mara mbili kama tunazungumzia wale wale watatu.

"Wale wale. Mdogo yuko juu ya mchungwa huko. Hebu niache niepue ubwabwa wangu."