Mjomba Adai Ukurasa Wake

Mjomba wangu alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka alipostaafu, na alipokuja kunitembelea Newcastle alikuja na ugonjwa wake wa kazi. Maandishi hayampiti. Dawa ya kikohozi aliisoma karatasi yake yote, akapiga mstari mwekundu pale neno liliporudiwa, ndipo akanywa.

Sasa huyo mtu ukimwacha peke yake na rafu yangu ya vitabu, unategemea nini?

Mimi nina maradhi yangu pia. Napenda vitabu vya kuchekesha kuhusu mpira wa huku kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Vitabu vya mabingwa vinanichosha. Kitabu cha timu inayobeba makombe kila mwaka ni risiti tu, unasoma jumla na kuweka mfukoni. Raha iko kwa watu wa huku. Newcastle walichukua ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka 1927, Sunderland mwaka 1936, Middlesbrough hawajawahi kabisa, na bado wanatambiana kutwa nzima nani mkubwa. Mtu asiye na kombe lazima awe na maneno.

Jioni nikawa namsomea mjomba, namtafsiria huku nacheka. Yeye hacheki. Kwake kilichochapwa ni taarifa.

Nikamsomea hadithi ya Hartlepool. Wenyeji husimulia kwamba wakati wa vita vya Napoleon meli ya Ufaransa ilizama karibu na pwani yao, akanusurika tumbili peke yake. Watu wa pale Mfaransa hawajawahi kumwona. Wakamhoji tumbili, hakujibu kitu cha maana, wakamnyonga kwa ujasusi.

"Bila mkalimani?" mjomba akauliza.

"Bila mkalimani, mjomba."

"Utaratibu haukufuatwa."

Nikaendelea: klabu ya mji huo ikamfanya tumbili kuwa kikaragosi wake, na mwaka 2002 kijana aliyekuwa akilivaa lile vazi uwanjani, Stuart Drummond, akagombea umeya kwa ahadi ya ndizi za bure kwa watoto wa shule. Akashinda. Mwaka 2005 akashinda tena, na 2009 tena.

"Vipindi vitatu," mjomba akasema kwa heshima. "Basi alichapa kazi."

Nikamletea West Auckland, timu ya kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Mwaka 1909 walikwenda Turin, Italia, wakashinda kombe lililotolewa na Sir Thomas Lipton.

"Lipton wa majani ya chai?"

"Huyohuyo."

Mwaka 1911 wakarudi kulitetea, wakaipiga Juventus 6-1, wakapewa kombe liwe lao moja kwa moja. Lakini safari ilikuwa imewaachia madeni, hivyo wakaliweka kwa mama mwenye hoteli pale kijijini kwa pauni 40. Kulikomboa, hadi mwaka 1960, kwa pauni 100. Mjomba akatikisa kichwa polepole. Klabu ya mpira kuweka kombe rehani halikumshangaza hata kidogo. Aliniuliza tu riba ilipigwaje.

Yaani tumbili jasusi aliamini. Meya wa ndizi aliamini. Tulikwama kwa Len Shackleton.

Shackleton alikuwa fundi wa mpira. Mechi yake ya kwanza Newcastle, Oktoba 1946, waliifunga Newport County 13-0, sita akafunga yeye. Mwaka 1948 akahamia kwa mahasimu, Sunderland, kwa pauni 20,050, bei ya rekodi wakati huo. Viongozi hawakumpenda, maana mdomo wake haukuwa na breki, na mechi za timu ya taifa alipewa tano tu. Mwaka 1955 akatoa kitabu cha maisha yake. Kitabuni mna sura inayoeleza ujuzi wa soka alionao mkurugenzi wa kawaida wa klabu. Unafungua kwa hamu. Ukurasa ni mweupe. Hakuna neno. Kuna kijinoti tu cha mchapishaji kwamba sura imeachwa hivyo kwa matakwa ya mwandishi.

Kwangu huo ndio utani mkubwa kuliko wote uliowahi kupigwa chapa kuhusu mpira. Nakala yangu niliinunua duka la vitabu vya mitumba Sunderland kwa pauni 8, na nikikasirishwa kazini huwa naufungua ule ukurasa nautazama.

Mjomba aliushika ule ukurasa kwenye mwanga wa taa. Akaupapasa. Akaunusa.

"Wamekuibia, mwanangu."

"Mjomba, ni mzaha. Na maelezo haya hapa, kwa matakwa ya mwandishi."

"Miaka yote kiwandani, kila shifti iliyoharibu kazi iliandika ni kwa matakwa ya mtu fulani. Kesho tunarudisha."

Mpwa wa watu nitabisha nini? Kesho yake tukapanda Metro kwenda Sunderland, siku ya mechi, behewa limejaa jezi za nyekundu na nyeupe, na mjomba wangu katikati yao amejizungushia skafu yangu ya Newcastle, nyeusi na nyeupe, kwa sababu upepo wa bahari ya huku haumwonei haya mzee. Mama mmoja akaninong'oneza nimwambie mzee aifiche. Nikamwambia.

"Nyeusi na nyeupe ni rangi ya wino na karatasi," akajibu kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Siwezi kuifichia mtu."

Behewa zima likamtazama. Jamaa mmoja mnene akaanza kucheka, wengine wakafuata, na tukashuka salama. Mjomba hajui mpaka leo.

Dukani akakiweka kitabu kaunta, akafungua penye sura, akasogeza miwani. "Bwana, mzigo huu una kasoro. Ukurasa haukuchapwa."

Mwenye duka, mzee wa rika lake, akautazama ukurasa. Akaitazama skafu. Akanitazama mimi. Nilikuwa nyuma ya bega la mjomba namkonyeza, natikisa kichwa, nampungia mkono, kila ishara niijuayo ya kusema hapana. Akatabasamu, na nikaona furaha ikimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni: shabiki wa Newcastle amekuja Sunderland kulalamika kwamba Shackleton hakumalizia kitabu.

"Mna haki kabisa," akasema. Akafungua droo, akahesabu pauni 8, akaongeza kitabu cha bure cha kilimo cha mboga kama fidia. Mjomba akakipekua chote, ukurasa kwa ukurasa, akaridhika.

Alipogeukia rafu za kamusi nikainama kaunta. "Nirudishie kitabu changu, hizi hapa nane zako."

"Hiki?" Akakipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Hiki ni thelathini."

"Nimekuuzia sasa hivi kwa nane!"

"Wewe umeniuzia kitabu kibovu. Mimi nauza kitabu chenye ukurasa mtupu maarufu kuliko yote Uingereza."

Nikalipa. Nikakiingiza ndani ya koti, nikarudi Newcastle nimebanwa mbavu na Shackleton huku mjomba ananisimulia namna ya kudai haki bila kupandisha sauti. Usiku nikakificha nyuma ya jiko, nyuma ya sufuria kubwa ambalo situmii. Muda wote aliobaki nikawa namsomea habari za kabichi.

Siku ya safari yake nilimpeleka uwanja wa ndege, tukaagana vizuri, akanibariki. Nikarudi mbio, nikasogeza sufuria, nikafungua sura yangu nijipongeze. Pale katikati ya weupe, kwa wino mwekundu, mwandiko umenyooka kama rula:

"Matini haipo. Irudishwe kwa mpigachapa. Mhusika alishaonywa."

Chini yake saini, tarehe, na mhuri. Mzee alisafiri na mhuri.