Kocha binafsi wa mrushaji: dola zinahesabiwa, mirusho haihesabiwi

Katika besiboli ya vijana nchini Marekani, ubishi juu ya kocha binafsi wa warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, hauishi. Wanaopinga wanasema ni biashara ya ndoto: mzazi analipa dola 40, 50, pengine 70 kwa nusu saa, wiki hadi wiki, ili mtoto wa miaka 12 afundishwe jambo ambalo kocha wa timu angemfundisha bure. Wanaounga mkono wanajibu kwamba asiye na kocha wake ataachwa nyuma. Pande zote mbili zimekazia macho dola na kasi ya mpira, na ndiyo maana kocha mzuri anaeleweka vibaya hata na wateja wake mwenyewe.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ni haki zisikilizwe kwanza. Hakuna leseni ya lazima ya kazi hii. Mtu yeyote aliyewahi kurusha chuoni anaweza kukodi kona ya ukumbi, akaweka wavu na ndoo ya mipira, akaanza kutoza. Matokeo yake pia si rahisi kuyapima. Kijana akitoka miaka 13 kwenda 16, urefu unaongezeka, mabega yanapanuka, na mpira unakwenda kasi zaidi hata kama hajawahi kuhudhuria somo moja. Kocha aliyekuwa naye miaka hiyo anasifiwa kwa kazi iliyofanywa na balehe.

Hesabu ya ufadhili wa masomo nayo haiwasaidii wanaouza. Kati ya wachezaji 100 wa sekondari, karibu 7 ndio wanaofika kucheza katika vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, na wa Daraja la Kwanza, lililo la juu kabisa, ni kama 2. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 wa kugawana kikosi kizima. Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia mfumo mpya vina ukomo wa wachezaji 34 na vinaruhusiwa kumfadhili kila mmoja, lakini havilazimishwi. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Mzazi anayelipia masomo ya kurusha miaka sita akitarajia chuo kimrudishie fedha zake, angezitunza benki na kumlipia mtoto ada.

Halafu kuna majeraha. Ripoti ya ligi kuu, MLB, iliyotolewa Desemba 2024, ilitaja kuwania kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa sababu kuu za warushaji kuumia. Wastani wa mpira wa kasi katika ligi hiyo ulikuwa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulikuwa 94.2. Tamaa hiyo imeshuka hadi kwa watoto, na wapo makocha wanaoiuza waziwazi, mara nyingi kwa mipira mizito na mepesi kuliko ule wa kawaida wa gramu 142 hadi 149. Utafiti mmoja wa wiki sita, uliochapishwa 2018, ulifuatilia warushaji wa miaka 13 hadi 18. Waliotumia mipira hiyo waliongeza kasi kwa asilimia 3.3. Karibu robo yao waliumia. Katika kundi lililofanya mazoezi ya kawaida hakuumia hata mmoja. Kundi lilikuwa dogo, hivyo asilimia hizo zisichukuliwe kama sheria, lakini mzazi anayeahidiwa maili tano kwa wiki sita ana sababu ya kutosha ya kuuliza bei ya maili hizo italipwa na kiungo gani.

Hayo yote ni kweli. Lakini yanamhukumu kocha mbaya, na kocha mzuri anaingizwa katika kapu lilelile bila mtu kutazama anachofanya.

Mazoezi ya timu yana watoto 12 au 13, saa mbili, na makocha wawili ambao mara nyingi ni wazazi wa kujitolea. Kuna kupiga, kudaka, kukimbia vituo. Mrushaji akipata dakika kumi za kutazamwa peke yake, ameshukuru. Na kurusha ndicho kitendo kigumu kuliko vyote uwanjani: kwa mtu mzima bega huzunguka kwa kasi inayozidi nyuzi 7,000 kwa sekunde, na ligamenti (utepe unaoshikanisha mifupa) ya upande wa ndani wa kiwiko hubeba mzigo ulio karibu na mwisho wa uwezo wake katika kila mrusho wa nguvu. Kosa halionekani kwa macho ya mtu aliyesimama kwenye benchi akiandika idadi ya straiki, yaani mirusho inayohesabiwa dhidi ya mpigaji.

Chukua kosa la kawaida kabisa. Kijana wa mkono wa kulia anakosa shabaha juu, upande wa mkono wake wa kurushia, mrusho baada ya mrusho. Kutoka benchi anapigiwa kelele: “Achia chini! Maliza mrusho!” Anajitahidi, anaukunja mgongo kwa nguvu, mipira miwili inashuka, wa tatu unapaa tena. Sababu haipo kwenye vidole. Amechelewa kuitenganisha mikono. Mpira unabaki ndani ya glavu wakati mguu wa mbele umeshaanza kwenda, kwa hiyo mguu unapokanyaga, kigasha bado kinaning’inia chini. Kiwiliwili hakisubiri, kinazunguka, mkono unaburutwa nyuma yake, na mpira unatoka kabla mkono haujafika mahali pake. Kumwambia aachie chini ni kutibu dalili na kuongeza mzigo kwenye kiwiko hichohicho.

Kocha anayejua kazi yake anaweka simu upande wa kituo cha tatu, yaani ule anaoutazama kijana huyu anapoinua goti, usawa wa kifua cha mrushaji, akirekodi picha 240 kwa sekunde, kisha ya pili nyuma ya tuta, kilima kidogo anaposimama mrushaji. Anasimamisha video pale mguu wa mbele unapokanyaga kikamilifu. Hapo kiwiko kinatakiwa kiwe karibu usawa wa bega na kigasha kimeshapanda. Mkono ukiwa chini ya kiwiko, amechelewa. Dawa yake ni ndogo: mikono itengane goti linapoanza kushuka. Kijana anafanya bila mpira mara kadhaa, kisha anarusha mipira 10 au 15 kutoka nusu ya umbali, kwa nguvu nusu, akisimama kidogo mikono ikishatengana. Somo zima linaweza kwisha kwa mirusho isiyozidi 25, na mzazi aliyekaa pembeni akajiona ameibiwa kwa sababu mtoto hakutoka jasho.

Hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Mzazi anadhani analipia mirusho, kumbe analipia jicho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifanya jambo rahisi ambalo ligi hazifanyi: walihesabu kila mpira uliorushwa kutoka kwenye tuta siku ya mechi za sekondari, pamoja na wa kupasha moto misuli kabla ya mechi na kati ya ingia (kipindi cha mechi) moja na nyingine. Matokeo yalichapishwa 2018. Asilimia 42 ya mirusho haikuwa kwenye hesabu ya mechi. Karatasi ya mechi ilionyesha wastani wa mirusho kama 69, ilhali mkono ulikuwa umefanya kazi ya takriban 120. Na hiyo ni siku ya mechi peke yake. Masomo ya katikati ya wiki hayakuwamo.

Sasa iweke asilimia hiyo kando ya mwongozo wa Pitch Smart, ambao MLB na USA Baseball, shirika la kitaifa la mchezo huu, waliutoa mwaka 2014 kulinda mikono ya warushaji vijana. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku. Akifika 66, apumzike siku nne. Tuseme amerusha 70 Jumamosi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni za mapumziko. Alhamisi ndiyo ya kwanza kurudi kwenye tuta. Somo lake liko kila Jumanne saa kumi na mbili jioni. Akirusha 45 kwenye tuta siku hiyo, hakuna karatasi itakayoonyesha kosa. Kocha wa timu atamwona Alhamisi akiwa huru kabisa kwa mujibu wa kanuni, na atampanga. Hakuna mtu mmoja aliyekusudia kumuumiza, na kila mmoja ana hesabu yake iliyo sahihi.

Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo akae miezi minne kila mwaka bila kurusha kabisa, na miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo. Miezi minne ni wiki 17, zinabaki 35. Mpango wa masomo ya kila wiki kwa wiki 40 umeshavunja mwongozo siku mzazi anapotia saini, hata kabla ya mechi ya kwanza. Kwa dola 45 kila somo, hizo ni dola 1,800. Kwa mirusho 50 kila somo, ni mirusho 2,000 ambayo ligi haina habari nayo. Watu wanaolalamikia biashara hii huishia kwenye ile 1,800. Mimi naiogopa zaidi ile 2,000, kwa sababu dola zinatafutwa tena, na ligamenti ikikatika ni upasuaji na miezi 12 hadi 18 nje ya uwanja.

Lakini tazama hesabu hiyo inaelekeza wapi. Haisemi kocha binafsi afukuzwe. Inasema kuna mkono ambao hakuna anayeuhesabia kazi yake yote, na mtu aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kuuhesabia ni huyu anayemjua mrushaji mmoja mmoja. Kocha wa kawaida anaanza somo kwa “tupashe moto.” Kocha mzuri anauliza kwanza: ulirusha lini, mirusho mingapi, mkono unauma wapi leo? Jibu likiwa baya, ndoo ya mipira haifunguliwi. Somo linakuwa la nyonga kutangulia mabega, la urefu wa hatua, la kurudia mwendo kwa taulo mkononi, la kutazama video. Anatoza fedha ileile, na anastahili. Utafiti mwingine, wa 2006, uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wasioumia: waliokuwa wakirusha mara kwa mara huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kwenye kundi la upasuaji. Mtu anayelipwa kuugundua uchovu huo mapema hafanyi anasa.

Kwa hiyo namna ya kununua ndiyo inayotakiwa kubadilika. Masomo 10 kwa mwaka yanatosha vijana wengi: matatu au manne karibu karibu kabla ya msimu, ili kosa moja lishughulikiwe hadi lishike, kisha moja kila baada ya wiki tatu hivi. Kwa dola zilezile 45, ni 450. Kwa mirusho 25, ni 250. Katikati mtoto ana kazi ya nyumbani ya dakika kumi, bila mpira siku nyingi, na mzazi anarekodi video moja kwa wiki kutoka pembe ileile. Mwendo mpya huchukua wiki kadhaa kushika, na mwanzoni kasi huweza kushuka kidogo kwa sababu mwili unafikiri badala ya kutenda. Wazazi wengi hubadilisha kocha hapohapo, na mtoto anaanza mwendo wa tatu kabla hajaumaliza wa pili.

Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 sioni haja, isipokuwa analalamika maumivu au ana mwendo wa hatari ulio wazi. Acheze nafasi zote, arushe kwa furaha. Kuanzia 12 au 13, mwili unaporefuka haraka na mwendo wa zamani unavurugika, ndipo nusu saa ya jicho moja inakuwa na thamani kubwa.

Pingamizi moja linabaki bila jibu kamili: hata dola 450 hazipo katika kila nyumba, na mchezo huu umeshakuwa ghali vya kutosha. Njia inayofanya kazi ni warushaji watatu wa timu moja kuchangia saa moja, na kocha wa timu awepo. Kila mmoja analipa theluthi, na mmoja anaporusha wawili wanapumzisha mikono huku wakitazama video ya mwenzao. Kocha wa timu anasikia maagizo yaleyale, hivyo Jumamosi hampigii kijana kelele za kupingana nayo. Na karatasi ya mirusho inakuwa moja, mikononi mwa anayepanga nani atapanda kwenye tuta.