Siku 4 na mahariri 10: nani hasa anazuiwa?
Tangu Desemba 2005, asiye na akaunti hawezi kuanzisha makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Chanzo ni wasifu wa mwanahabari John Seigenthaler, uliokaa miezi minne hivi ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani. Mwaka 2018 sharti likakazwa: hata mwenye akaunti asubiri siku 4 na afanye mahariri 10.

Wapinzani wana hoja. Mjuzi wa jambo moja huja mara moja. Ukimwambia arudi baada ya siku 4, harudi. Na kwenye tovuti changa ya wiki yenye kurasa mia mbili, hata hayo mahariri 10 atayafanya wapi?

Ila tumtazame huyo mgeni aliyeachiwa aanzishe makala papo hapo. Ameandika aya mbili kuhusu bendi yake, bila chanzo huru hata kimoja, akabonyeza kuhifadhi. Dakika chache tu, kigezo cha ufutaji wa haraka, yaani alama ya kuomba ukurasa ufutwe bila mjadala, kimebandikwa. Saa moja baadaye kiungo ni chekundu tena, yaani ukurasa haupo, na salamu yake ya kwanza kutoka kwa jumuiya ni onyo lililokwisha kuandikwa zamani, jina lake limechomekwa tu. Si mharibifu huyu. Aya zilezile zikiwa rasimu, yaani ukurasa wa maandalizi unaosubiri kukaguliwa, injini za utafutaji hazizioneshi, hakuna mwenye haraka ya kuzifuta, na zinaweza kukaa miezi 6 bila kuguswa huku akitafuta vyanzo. Ndiyo maana jaribio la Septemba 2017 hadi Machi 2018 halikuonesha kwamba wageni wanaobaki wamepungua kwa kiasi cha maana. Kilichoongezeka ni foleni ya rasimu, na hapo lawama ni ya haki: pasipo wakaguzi, rasimu huozea humo.

Wauza matangazo nao hawalali. Huongeza koma kumi, husubiri, kisha humwaga tangazo. Wengine huandika juu ya ukurasa wa zamani wa kuelekeza, yaani unaompeleka msomaji kwenye makala nyingine, kwa kuwa hilo ni hariri, si ukurasa mpya. Anayekagua orodha ya kurasa mpya peke yake anaweza asilione.

Kwa wenye wiki zao za MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ruhusa ya createpage (kuanzisha kurasa) iondoeni kwenye kundi '*' (watu wote) na pia kwenye 'user' (kila mwenye akaunti), kisha mpeni 'autoconfirmed' (waliotimiza muda na idadi ya mahariri). Wengi husahau 'user', wakashangaa akaunti ya dakika moja inaanzisha kurasa. Kosa la pili ni $wgAutoConfirmAge, mpangilio wa umri wa akaunti: huhesabu sekunde, na isipoguswa ni 0. Ukiandika 4 umeweka sekunde nne. Siku nne ni 345600. $wgAutoConfirmCount, ya idadi ya mahariri, nayo huanza na 0. Createtalk, ruhusa ya kuanzisha kurasa za majadiliano, iacheni wazi kwa wote, ili yule mjuzi wa jambo moja aache taarifa na chanzo chake kwenye majadiliano, mwenye akaunti aiandike.